Soda isiyo na sukari: je, humfaa anayetaka kupunguza uzito?

Katika sherehe za harusi, akika na maulidi za mitaa ya Buyenzi na Bwiza mjini Bujumbura, au ya Nyamirambo mjini Kigali, mgeni huulizwa jambo moja kabla hajaketi sawasawa: utakunywa fanta gani? Kwa wakazi wa Burundi na Rwanda neno hilo limekwisha kuwa jina la soda yoyote, iwe nyeusi, nyeupe au ya rangi ya machungwa. Ndugu zetu wa Bukavu na Goma huiita sucré, yaani iliyotiwa sukari, na jina hilo hubaki vilevile hata pale ambapo sukari haimo. Kwani zipo pia, hasa katika maduka makubwa ya mijini, chupa na makopo yenye maandishi ya Zero, Diet au Light, na aghalabu anayezinunua ni mtu aliyeambiwa na daktari wake kwamba uzito umezidi.

Mtu huyo huwa amesikia habari mbili zinazopingana. Wa kwanza amemwambia: kunywa bila wasiwasi, haina sukari. Wa pili amemwambia: iache kabisa, hiyo ndiyo inayonenepesha zaidi. Kila upande hudai kuwa na utafiti mkononi, na jambo la ajabu ni kwamba utafiti huo kweli upo pande zote mbili. Makala haya yanajaribu kueleza ni kwa nini matokeo yamepishana, na ni lipi ambalo mtu anaweza kulifuata.

Jibu fupi ni hili: soda isiyo na sukari humsaidia anayepunguza uzito pale tu inapochukua nafasi ya soda yenye sukari. Ikichukua nafasi ya maji haimwongezei faida yoyote iliyothibitika, na ikiongezwa juu ya chakula kilekile cha siku zote haimpunguzii hata gramu moja. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kilichomo ndani ya chupa, inafaa kuuliza chupa hiyo imeondoa nini mezani.

Tuanze na hesabu. Soda nyeusi ya kawaida huwa na takriban gramu 10.6 za sukari katika kila mililita 100, ingawa kiwango hutofautiana kidogo kati ya nchi na nchi. Chupa ya kioo ya mililita 300, basi, hubeba kama gramu 32 za sukari. Kijiko kidogo cha chai huchukua gramu 4. Kwa hiyo chupa hiyo ni sawa na vijiko vinane. Hakuna mtu anayeweza kutia vijiko vinane katika glasi moja ya chai akainywa bila kukunja uso, lakini soda huyameza hayo yote, kwa sababu baridi, gesi na uchachu wa tindikali huuficha utamu.

Gramu hizo 32 humpa mnywaji kalori zipatazo 127. Akinywa chupa mbili kila siku hupata zaidi ya kalori 250. Kilo moja ya mafuta ya mwili hukadiriwa kuwa na kalori 7,700 hivi. Kwa hesabu ya karatasini, anayeziacha chupa hizo mbili bila kubadili lolote jingine angepunguza karibu kilo moja kwa mwezi. Mwili wa binadamu, hata hivyo, haufuati karatasi. Kadiri uzito unavyopungua ndivyo mwili unavyopunguza matumizi yake, na njaa nayo huongezeka kidogo kidogo. Ndiyo maana katika maisha halisi upungufu huwa mdogo kuliko hesabu inavyoahidi. Lakini mwelekeo ni uleule, na kwa mtu aliyezoea soda mbili au tatu kwa siku, hakuna badiliko jingine la chakula lililo rahisi kuliko hilo.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2015, lilipendekeza kwamba sukari inayoongezwa kwenye vyakula na vinywaji, pamoja na ile iliyomo katika asali na juisi za matunda, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kiwango hiki cha pili, kwa mtu mzima wa kawaida, ni kama gramu 25. Chupa moja ya fanta imekwisha kuupita mpaka huo kabla mtu hajanywa chai yake.

Sasa, soda isiyo na sukari hupata wapi utamu? Hupewa vibadala vya sukari, yaani kemikali ambazo ulimi huzihisi kuwa tamu mno, kiasi kwamba huhitajika chache sana. Aspatemu, ambayo ndiyo maarufu zaidi katika soda, ina utamu unaoizidi sukari mara 200 hivi. Sukralosi huizidi mara 600. Palipohitajika gramu 35 za sukari ili kukoleza kopo moja, miligramu 200 au 300 za aspatemu hutosha, na kalori zake ni chache kiasi cha kutohesabika.

Inashangaza kwamba vingi kati ya vibadala hivi viligunduliwa kwa bahati, na wataalamu waliokuwa wakitafuta mambo mengine. Sakarini iligunduliwa mwaka 1879 katika maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, na mkemia Constantin Fahlberg, aliyeonja utamu mikononi mwake wakati wa chakula. Aspatemu nayo iligunduliwa mwaka 1965 na James Schlatter, aliyekuwa akishughulika na utafiti wa dawa ya vidonda vya tumbo, akalamba kidole ili afunue karatasi. Kizazi cha leo cha wakemia kimekatazwa kulamba vidole kazini, na huenda ndiyo sababu uvumbuzi wa aina hiyo umepungua. Soda maarufu ya Diet Coke iliingia sokoni mwaka 1982, na Coca-Cola Zero ikafuata mwaka 2005.

Ushahidi ulio bora kuhusu uzito hutokana na majaribio ambamo watu hugawanywa kwa kura: kundi moja hupewa kinywaji hiki, na jingine kile, kisha wote hupimwa. Mojawapo lililofanywa kwa uangalifu mkubwa lilitangazwa mwaka 2012 kutoka Uholanzi. Watoto 641, wengi wao wakiwa na uzito wa kawaida, walipewa kila siku shuleni kinywaji cha mililita 250. Nusu yao walipata chenye sukari, nusu wakapata kisicho na sukari, na makopo yalifanana hata watoto wenyewe hawakujua wamepewa kipi. Baada ya miezi 18, waliokunywa chenye sukari waliongezeka kilo 7.37 kwa wastani, na waliokunywa kisicho na sukari kilo 6.35. Watoto hukua, kwa hiyo wote waliongezeka; ila kilo moja ile iliyozidi ilitokana na kopo moja tu dogo kwa siku. Hapa hapana ubishi: ukilinganisha soda na soda, isiyo na sukari hushinda.

Ugomvi huanza tunapoilinganisha na maji.

Mwaka 2014, watafiti wa Marekani walitangaza jaribio la watu 303 waliokuwa katika mpango wa kupunguza uzito katika majimbo ya Colorado na Pennsylvania. Kundi moja lilitakiwa kunywa maji na kuacha vinywaji vyenye vibadala vya sukari. Jingine liliruhusiwa kuendelea na vinywaji hivyo. Baada ya wiki 12 wanywaji wa soda isiyo na sukari walikuwa wamepungua kilo 5.95, na wanywaji wa maji kilo 4.09. Baada ya mwaka mzima pengo lilikuwa limepanuka: kilo 6.21 dhidi ya 2.45. Jaribio jingine la mwaka mmoja, lililofanyika Liverpool nchini Uingereza na kuwahusisha watu 493, lilipata tofauti ndogo zaidi kwa mwelekeo uleule: kilo 7.5 kwa soda, kilo 6.1 kwa maji.

Msomaji makini atauliza ni nani aliyelipia. Majaribio yote mawili yaligharimiwa na chama cha wenye viwanda vya vinywaji cha Marekani. Jambo hilo halimaanishi kwamba mizani ilidanganywa. Majaribio yalipitiwa na kuchapishwa katika majarida ya kitaalamu, na waandishi hawakuficha fedha zilikotoka. Lakini anayelipa ndiye huchagua swali, na swali lililochaguliwa lilikuwa lile ambalo jibu lake lingeweza kukifaa kiwanda.

Kutoka Tehran, Iran, kukaja jibu tofauti mwaka 2015. Wanawake wenye uzito mkubwa, waliokuwa na mazoea ya kunywa soda zisizo na sukari, waliwekwa katika mpango wa chakula wa wiki 24. Waliobadili na kunywa maji baada ya chakula cha mchana walipungua kilo 8.8, na walioendelea na soda kilo 7.6. Tazama basi: mara hii maji yametangulia, kwa zaidi kidogo ya kilo moja.

Ukiyaweka matokeo haya pamoja, utaona kwamba makundi yote, ya maji na ya soda, yalipungua. Kilichowapunguza ni mpango wa chakula, mikutano ya kila wiki, mizani na ushauri. Kinywaji kilikuja nyuma sana. Tofauti kati ya maji na soda isiyo na sukari ni ndogo, na huenda huku au huko kufuatana na watu wenyewe. Aliyezoea ladha tamu kwa miaka mingi, akinyimwa ghafla, huenda akaitafuta kwenye keki. Huyo soda isiyo na sukari humvusha. Asiyekuwa na mazoea hayo hana mto wa kuvuka.

Tarehe 15 Mei 2023, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo uliowashtua wengi: vibadala vya sukari visitumiwe kama njia ya kudhibiti uzito. Wataalamu wake walikuwa wamepitia tafiti 283. Katika majaribio ya kura, ambayo mengi yalidumu miezi mitatu au pungufu, waliotumia vibadala hivyo walikuwa wepesi kuliko wenzao kwa wastani wa kilo 0.71, na nafuu hiyo ilionekana hasa pale vibadala vilipolinganishwa na sukari yenyewe. Lakini katika tafiti za aina nyingine, zile za kuwafuatilia watu kwa miaka mingi bila kuwagawia chochote, waliotumia zaidi vibadala hivyo walionekana kuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 76, wa kuja kuwa na unene wa kupindukia. Hali kadhalika walionekana kupata zaidi ugonjwa wa kisukari na maradhi ya moyo.

Hapa ndipo penye kiini cha mkanganyiko wote, na inafaa tuketi kidogo. Inawezekanaje kitu kilekile kipunguze uzito kwa miezi mitatu, kisha kiuongeze kwa miaka kumi?

Maelezo ya kwanza ni kwamba huenda soda haikufanya lolote, bali watu ndio waliotofautiana tangu mwanzo. Mtu akiingia hospitali yoyote atakuta wagonjwa ni wengi kuliko sokoni. Lakini hawezi kusema kwamba hospitali ndiyo iliyowaambukiza. Wamekwenda pale kwa sababu walikuwa wagonjwa. Vivyo hivyo, ni nani anayenunua soda isiyo na sukari? Si kijana mwembamba anayecheza mpira kila jioni. Ni yule ambaye uzito umeanza kumlemea, au ambaye mama yake na shangazi yake wana kisukari naye akaingiwa na hofu. Miaka kumi baadaye, mtu kama huyo ana uwezekano mkubwa wa kunenepa na kuugua, anywe soda ile au asinywe. Watafiti hujaribu kuiondoa athari hii kwa hesabu, ila haiondoki yote. Shirika lenyewe lilikiri jambo hilo, na kwa sababu hiyo likaliita pendekezo lake kuwa la masharti, yaani si amri isiyojadiliwa.

Maelezo ya pili yanahusu tabia, nayo mwandishi wa makala haya anaona yana uzito katika nchi zetu kuliko jambo lolote linalotokea maabara. Mtu akijua kwamba ameokoa kalori mahali fulani, hujiruhusu kuzitumia mahali pengine. Amekunywa Zero, basi akili humwambia amestahili andazi la pili. Andazi moja kubwa lililokaangwa kwa mafuta linaweza kubeba kalori nyingi kuliko chupa nzima ya soda ya kawaida, na chapati ya mafuta inaweza kuzidi mara mbili. Aliyeokoa 127 akatumia 300 amepata hasara, ingawa moyoni anajiona ni mtu aliyejizuia. Kisha mizani isiposhuka, lawama huangukia soda.

Kuna pia chai. Katika nyumba nyingi za Waswahili, kikombe cha asubuhi hutiwa vijiko vitatu vya sukari bila hata mtu kutafakari. Kikifuatiwa na cha saa nne, cha alasiri na cha baada ya Isha, jumla ni gramu 48, karibu kalori 190, ambazo ni sawa na chupa moja na nusu ya fanta. Mtu anaweza kukaa mwaka mzima akijadili madhara ya soda isiyo na sukari anayoinywa mara moja kwa juma, huku bakuli la sukari likijazwa upya jikoni kila siku ya tatu. Anayetaka kupunguza uzito na aanze na bakuli hilo. Akipunguza nusu kijiko kila wiki, ulimi huzoea. Baada ya mwezi mmoja au miwili chai ya zamani humwia tamu kupita kiasi.

Maelezo ya tatu ni ya kibaolojia, na bado hayajakamilika. Wapo wanaosema kwamba utamu usio na sukari huudanganya mwili ukamwaga insulini bure, kisha njaa ikafuata. Kwa aspatemu, vipimo vingi vya binadamu havikuona sukari ya damu wala insulini vikipanda kwa kiasi cha maana. Lililo zito zaidi ni habari ya vijidudu wema wa tumboni. Mwaka 2022 watafiti wa Taasisi ya Weizmann nchini Israeli waliwapa watu wazima 120 wenye afya, ambao hawakuwa na mazoea ya vibadala vya sukari, aina mbalimbali za vibadala hivyo kwa wiki mbili. Sakarini na sukralosi zilibadili namna miili ya baadhi yao ilivyoipokea sukari. Aspatemu na stevia hazikuonyesha badiliko kubwa la namna hiyo. Watu walitofautiana sana wao kwa wao. Ni jambo la kulifuatilia, lakini wiki mbili hazitoshi kusema kwamba mtu atanenepa.

Hofu ya saratani nayo haina budi kutajwa, maana ndiyo iliyosambaa zaidi kwenye simu. Tarehe 14 Julai 2023, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lenye makao yake Lyon, Ufaransa, liliiweka aspatemu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani, huku likisema ushahidi ni mdogo. Kundi hilo hupima iwapo upo uwezekano, halipimi hatari ni kubwa kiasi gani. Siku ileile kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo iliuacha mpaka wa zamani kama ulivyo: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku. Kwa mtu mzima wa kilo 70, kuuvuka mpaka huo kungetaka makopo zaidi ya 9 hadi 14 kwa siku moja, ikiwa hapati aspatemu kwingine. Anayekunywa kopo moja hana sababu ya kukosa usingizi, labda kwa ajili ya kafeini iliyomo.

Kwa watu wa kisukari, mwongozo ule wa mwaka 2023 ulisema wazi kwamba hauwahusu wale ambao tayari wana ugonjwa huo. Kwao soda yenye sukari hupandisha sukari ya damu kwa kasi, na ile isiyo na sukari haifanyi hivyo. Wakitamani kinywaji kitamu mara mojamoja, hiyo ndiyo nafuu, ingawa maji hubaki bora. Lakini pana jambo moja ambalo kila aliye na mgonjwa nyumbani anapaswa kulijua. Anayetumia insulini, au vidonge vya aina fulani vya kushusha sukari, anaweza siku moja kushukiwa na sukari mno: akatetemeka, akatoka jasho la baridi, akaanza kuchanganyikiwa. Wakati huo huhitaji sukari upesi, kama gramu 15, ambazo hupatikana katika nusu glasi ya soda ya kawaida, yaani mililita 150. Ndugu aliyejaza friji kwa chupa za Zero kwa nia njema akimnywesha hiyo, hatakuwa amemsaidia chochote, na dakika zinapita. Iwepo daima nyumbani chupa moja ya fanta ya kweli, au sukari ya kukoroga katika maji, na wenye nyumba wajue ni ipi. Na ikiwa mgonjwa amezimia asinyweshwe chochote, maana kitaingia mapafuni, akimbizwe hospitali.

Wapo wachache waliozaliwa na ugonjwa wa kurithi uitwao fenilketonuria, ambao miili yao haiwezi kuisaga fenilalanini, mojawapo ya sehemu za aspatemu. Ndiyo maana makopo huwa na onyo dogo kuhusu kitu hicho. Wengine wote wanaweza kulipita onyo hilo bila hofu. Meno, kwa upande mwingine, hayabagui: soda isiyo na sukari haiwalishi vijidudu wanaotoboa meno, lakini tindikali yake huila ngozi ngumu ya jino vilevile, hasa kwa anayeinywa kidogo kidogo mchana kutwa.

Kuna njia ya mkato ambayo watu wengi huichukua wakiikimbia soda, nayo ni juisi. Huonekana kuwa ya asili, na matunda yamo, basi hupewa hadhi ya dawa. Lakini juisi ya machungwa, hata bila kuongezwa kitu, huwa na kama gramu 8 au 9 za sukari katika mililita 100, ambazo haziko mbali na soda. Ikitiwa sukari, kama ifanyikavyo kwa maembe, mapera na maracuja katika mikahawa yetu, huifikia au huipita. Tunda likiliwa zima hushibisha; machungwa manne yakikamuliwa hunywewa kwa pumzi mbili. Mwezi wa Ramadhani hulionyesha hili kuliko mwezi mwingine wowote: mtu hufunga siku nzima, kisha kwenye futari hupita juisi, uji uliokolezwa sukari, fanta na chai, moja baada ya jingine, na anashangaa Idi inapofika kwamba nguo za mwaka jana zinambana.

Anayetaka kujua iwapo soda isiyo na sukari inamfaa yeye hana haja ya kungoja utafiti mwingine kutoka ng'ambo. Achukue wiki mbili aandike kwenye daftari kila anachokunywa, pamoja na vijiko vya sukari vya chai, bila kubadili kitu. Kisha kwa wiki nyingine sita aweke Zero mahali pa kila soda ya kawaida, na maji mahali pa vinywaji vilivyobaki, akiendelea kuandika, na vyakula vya kando akiviandika pia. Ajipime mara moja kwa wiki, asubuhi, kwa mizani ileile, kabla ya kula. Uzito ukishuka, kinywaji hicho kimefanya kazi yake na anaweza kuanza kukipunguza nacho. Usiposhuka, arudi kwenye daftari atazame safu ya maandazi.